Turbo moja au turbo pacha: mpangilio upi ununue, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho

Mwaka 1996 Toyota iliirudia injini yake ya 1JZ-GTE, ikaondoa turbo mbili ndogo zilizokuwemo tangu 1990 na kuweka moja iliyo kubwa kidogo. Nguvu iliyoandikwa kwenye vitabu haikubadilika: farasi 280 kabla, farasi 280 baadaye. Kilichobadilika ni mvuto, yaani ile nguvu ya kulisukuma gari inayopimwa kwa newton-mita (Nm). Ya turbo mbili ilitoa Nm 363, na ili uzipate zote ilibidi injini ifike mizunguko 4,800 kwa dakika. Ya turbo moja ikatoa Nm 378 kwenye mizunguko 2,400 tu. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa kufunguka kwa vali, iliingia wakati huohuo na ilisaidia pia, lakini mtu aliyeendesha Chaser ya JZX90 kisha akapanda ya JZX100 hana haja ya kuonyeshwa karatasi. Ya kwanza unaikanyaga na kuisubiri. Ya pili unaikanyaga na inaondoka.

Subaru walifanya hivyohivyo mwaka 2003, Legacy mpya ilipoingia sokoni na turbo moja mahali pa mbili. BMW wakafuata 2009: injini ya N54 yenye turbo mbili ikapokewa na N55 yenye turbo moja, farasi 306 zilezile, Nm 400 zilezile, ila mvuto huo ukaanza kupatikana kwenye mizunguko 1,200 badala ya 1,300. Hakuna aliyewalazimisha. Walirudi kwenye turbo moja kwa sababu turbo moja ilikuwa imejifunza kazi ya mbili.

Nayaweka haya mbele kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaoagiza magari ni hili: "Kaka, hii ina turbo moja, hii ina mbili, bei zinakaribiana. Si nichukue ya mbili?" Mara nyingi nawaambia wasichukue. Wakati mwingine nawaambia wachukue bila kusita. Tofauti iko kwenye namna turbo hizo zilivyopangwa, aina ya injini iliyozibeba, na fundi utakayemkuta siku zikigoma.

Ndani ya konokono

Turbo, yenye umbo kama la konokono, ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, nayo ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta yanachomwa mengi, nguvu inapanda. Shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na upande wa moshi kwenye injini ya petroli joto linapita digrii 900. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini turbo nyingi zinauawa na oili chafu kabla ya kitu kingine chochote.

Tatizo la asili la turbo ni ukubwa wake. Kubwa inashindilia hewa nyingi lakini inachelewa kuamka, kwa hiyo unakanyaga na gari linakaa kimya kwanza. Ndogo inaamka upesi, ila injini ikichanganya inaishiwa pumzi. Mipangilio yote ya turbo mbili ni juhudi za kukwepa uchaguzi huo, na ipo ya aina tatu unayoweza kukutana nayo kwenye gari la mtumba.

Aina ya kwanza ni turbo mbili za sambamba: zinalingana, kila moja inahudumia nusu ya silinda, na zote zinafanya kazi wakati wote. Ya pili ni za kupokezana, ambapo moja inabeba kazi injini ikiwa chini, kisha ya pili inafunguliwa injini ikichanganya. Ya tatu ni za ngazi mbili, ndogo na kubwa, na imezoeleka zaidi kwenye dizeli: ndogo inaanza, kubwa inamalizia, na katikati hewa inaweza kupita kwenye zote mbili.

Kabla ya kuzipanga, neno moja kuhusu kwa nini turbo yoyote ina maana kubwa kwetu. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua. Nairobi iko karibu mita 1,800. Mbeya iko karibu mita 1,700. Gari la 2.0 la kawaida linalokimbia vizuri Dar es Salaam au Mombasa likifika huko juu linakuwa kama la 1.6. Lenye turbo linafidia sehemu kubwa ya hewa hiyo. Na kwa kuwa ushuru wetu unatazama ukubwa wa injini, 2.0 ya turbo inaweza kukupa nguvu ya 3.0 kwa kodi ya 2.0. Hiyo ndiyo faida ya kweli, na huipati zaidi kwa kuwa na turbo ya pili.

Nafasi ya kwanza: turbo moja ya kisasa

Kwa petroli, tafuta turbo moja ya twini-skroli. Sehemu ya moshi imegawanywa njia mbili, ili silinda zisivurugiane pumzi: moshi wa silinda moja hausukumwi nyuma na wa nyingine. Matokeo yake turbo kubwa inaamka mapema kama ndogo. Hiki ndicho Subaru walichoweka 2003 kwenye Legacy ya BL5 na BP5, na ndicho BMW walichoweka kwenye N55.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa mtu wa kawaida ni Forester XT ya kuanzia 2013, ile ya injini ya FA20. Ya soko la Japani ina lita 2.0, turbo moja ya twini-skroli, farasi 280, na Nm 350 zinazopatikana kuanzia mizunguko 2,000 hadi 5,600. Soma tena hizo namba mbili za mwisho. Maana yake ukitoka Mai Mahiu unapanda kuelekea Limuru na lori liko mbele yako, huna haja ya kuipigia injini kelele. Mvuto upo pale mguu ulipo. Ina nafasi ya familia, iko juu ya kutosha kwa barabara mbovu, na Kenya imejaa mafundi wanaoijua Subaru kwa macho yaliyofumbwa. Kinachotakiwa ni oili sahihi na kuijali gia yake ya CVT, otomatiki isiyo na hatua, ambayo wauzaji wengi watakwambia haibadilishwi oili. Ibadilishe.

Golf GTI na ndugu zake wa Audi wenye injini ya 2.0 TSI wako kwenye kundi hili pia: turbo moja, inayofikika, na katriji zake, yaani viini vya turbo, zinapatikana. Usichanganye na zile za 1.4 TSI za zamani zinazoitwa Twincharger. Hizo hazina turbo mbili. Zina turbo moja na supachaja inayoendeshwa kwa mkanda, na fundi mwenye kuzielewa ni wa kutafuta.

Kwa dizeli, turbo moja ya kutafuta ni ile yenye mapezi yanayojigeuza, ambayo mafundi huiita VNT au VGT. Ndani yake mapezi madogo yanabana njia ya moshi injini ikiwa chini, ili moshi upige feni kwa kasi, kisha yanafunguka injini ikichanganya. Turbo moja inakuwa ndogo na kubwa kwa zamu. Angalia Toyota walichofanya kwenye 1GD, dizeli ya 2.8 iliyo kwenye Hilux, Fortuner na Prado: toleo la 2020 lenye gia otomatiki linatoa farasi 204 na Nm 500 kwa turbo moja. Ford Ranger ya 2.0 yenye turbo mbili inatoa Nm 500 hizohizo. Ranger inapata mvuto huo kwa injini ndogo, na hilo ni sifa. Lakini mimi ningekuwa na shamba Njombe na gari moja tu la kulihudumia, ningechukua lenye vitu vichache vya kuharibika.

Ubaya wa mapezi ni masizi. Gari la dizeli linaloishi kwenye foleni, halipati mwendo, hupata masizi yanayogandisha mapezi. Dalili yake ni gari kukosa nguvu ghafla mlimani, taa ya injini kuwaka, ukizima na kuwasha nguvu inarudi, kisha inapotea tena. Ukiona hivyo kwenye Prado unayotaka kununua, usikubali maneno ya "ni sensa tu". Inaweza kuwa sensa kweli, lakini inaweza kuwa turbo nzima au akchueta yake, kile kifaa kinachoyasogeza mapezi, na bei uipange kana kwamba ni turbo.

Nafasi ya pili: turbo mbili za sambamba au za kupokezana kwenye injini ya V

Hapa turbo mbili zina haki yake. Injini ya V ina safu mbili za silinda zinazotazamana upande na upande, kila safu na eksozi yake. Ukitaka turbo moja inabidi uukusanye moshi wa pande zote mbili kwa mabomba marefu, na kila sentimita ya bomba inapoteza joto na kasi. Kuweka turbo moja kila upande ni jambo la akili tu. Gari la kwanza la dukani kuwa na turbo mbili, Maserati Biturbo ya 1981, lilikuwa na V6.

Mfano ulio wazi zaidi kwetu ni Land Cruiser yenye V8 ya dizeli ya lita 4.5, 1VD-FTV, iliyoanza 2007. Injini ileile imewekwa kwenye magari mawili. Kwenye Land Cruiser 70, ile "mkonga" ya mashirika na mbuga, ina turbo moja na Nm 430. Kwenye Land Cruiser 200 ina turbo mbili na Nm 650. Anayevuta tela la boti au anayebeba watu wanane na mizigo kutoka Arusha kwenda Serengeti ataisikia tofauti hiyo kwenye kila mlima. Anayetaka gari la kulala porini wiki tatu bila fundi atachukua ya 70, na nitamwunga mkono.

Land Cruiser 300, iliyotoka 2021, imeiacha V8 na kuchukua V6 mbili, zote za turbo mbili: dizeli ya 3.3 yenye Nm 700 na petroli ya 3.5 yenye Nm 650. Ni gari zuri mno. Ila kwenye ile ya dizeli turbo zimewekwa katikati ya V, juu ya injini, mahali penye joto kali, na fundi wa mtaani hana cha kufanya humo. Kama bajeti yako inatosha kulinunua lakini haitoshi kulipeleka kwa watu wenye vifaa vyake, subiri.

Land Rover Discovery 4 ya dizeli ya 3.0 nayo ni V6 yenye turbo mbili, za kupokezana, Nm 600. Ikiwa nzima inatembea kama ndege. Lakini kabla ya kuipenda, jua kwamba mafundi wengi wakitaka kuifikia turbo huinua bodi nzima kutoka kwenye chesisi. Niliona kazi hiyo ikifanyika kwenye gereji moja Dar es Salaam: bodi iko hewani kwenye nguzo nne, waya zimening'inia kama mizizi ya mbuyu uliong'olewa, na mwenye gari amesimama pembeni ameshika kiuno. Turbo yenyewe ilikuwa imewekwa kwenye ndoo, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Gharama kubwa ilikuwa njia ya kuifikia.

Vumbi ni jambo jingine la kulitazama kwenye magari haya makubwa. Feni ya kompresa, ile inayovuta hewa, ina kingo nyembamba kama za wembe, na chembe za mchanga zikipenya kwenye chujio la hewa zinazila taratibu. Fungua nyumba ya chujio. Pitisha kidole upande wa ndani, baada ya chujio, ule unaoelekea kwenye turbo. Kidole kikitoka na vumbi, turbo zote mbili zimekuwa zikilishwa mchanga.

Nafasi ya tatu: dizeli ndogo yenye turbo za ngazi mbili

Hili ni kundi la Ford Ranger 2.0 Bi-turbo, Volkswagen Amarok 2.0 BiTDI, na Mazda CX-5 ya dizeli ya 2.2. Si mpangilio mbaya hata kidogo. Ranger ya kundi hili inatoa Nm 500 wakati ile ya 2.0 yenye turbo moja inatoa Nm 405 hivi, na ukiwa na mzigo unaijua tofauti. Tatizo ni kwamba hapa turbo mbili zimelazimishwa kwenye injini ndogo, pamoja na vali za kugeuza njia ya moshi na akchueta zake, na kimoja kikikwama kompyuta inalifungia gari nguvu.

Kwa Ranger ya 2.0 kuna jambo jingine: matoleo ya mwanzo yana mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo yake inauchakaza, na vipande vyake vinaziba chujio la pampu ya oili. Turbo mbili zenye njaa ya oili zinafuata. Dai rekodi za sevisi zenye jina la oili iliyotumika. Kama hakuna, tazama ile ya 3.2 ya silinda tano, turbo moja, Nm 470, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wanaifahamu zaidi.

CX-5 ya dizeli imekuwa ikiingia kwa wingi kutoka Japani. Nm 420 kwenye mizunguko 2,000, unywaji mdogo, mwili mzuri. Ni gari la safari ndefu. Mtu wa Nairobi anayetoka Ruaka kwenda mjini na kurudi, kilomita chache kwenye foleni kila siku, analiua bila kujua, kwa sababu kichujio cha masizi hakipati joto la kujisafisha, na dizeli inayomwagwa ili kukisafisha inateremka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili. Juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X. Oili ikikaribia hiyo X, tayari ni mchanganyiko wa oili na dizeli, na shafti mbili za turbo zinaelea juu ya hicho.

Kwa jambo hili Volkswagen walinipa hoja. Amarok ilipopewa V6 ya lita 3.0 mwaka 2016, injini kubwa zaidi, waliiwekea turbo moja yenye mapezi, na mvuto ukapanda hadi Nm 550. Kama unaweza kuipata hiyo, ichukue badala ya BiTDI bila kufikiri mara mbili.

Nafasi ya nne: turbo mbili za sambamba kwenye injini iliyonyooka

BMW 335i ya N54 ndiyo inayojulikana. Inakimbia, na wanaopenda kuongeza nguvu wanaipenda kuliko N55. Lakini N54 imejulikana kwa westigeti, vali zinazopunguza moshi unaoingia kwenye turbo, zinazolegea na kupiga kelele kama kopo lenye misumari, na kwa pampu ya mafuta ya presha ya juu. Nunua kama unapenda kazi ya injini na una akiba. Kwa gari la kila siku, chukua ya N55.

Na hapa pana mtego. BMW huandika "TwinPower Turbo" kwenye kifuniko cha injini hata kwa gari lenye turbo moja. Maneno hayo ni jina la teknolojia yao, si idadi. Nimekutana na mtu aliyelipia zaidi 535i kwa sababu muuzaji alimwonyesha maandishi hayo na kumwambia ni turbo pacha. Usisome kifuniko. Uliza namba ya injini.

Nafasi ya mwisho: petroli za zamani zenye turbo za kupokezana

Hapa wapo Mazda RX-7, Toyota Supra ya 1993 na kuendelea, na ile inayotuhusu zaidi: Subaru Legacy ya turbo mbili, iliyouzwa tangu 1993 hadi 2003. RX-7 na Supra zimekuwa mali za wakusanyaji, bei zake haziko kwenye mwongozo huu. Legacy bado zipo mitaani, kwa bei zinazovutia, na hapo ndipo vijana wengi wanapoingia.

Nimemiliki moja, BH5 ya gia za mkono, kwa miaka mitatu. Nilikuwa naipenda. Injini ikiwa chini, turbo ya kwanza peke yake inabeba kazi. Ikikaribia mizunguko 4,000 hadi 4,500, vali zinaanza kufunguka, moshi unagawanywa kuiamsha ya pili, na kwa sekunde fupi busti, yaani presha ya hewa inayoshindiliwa, inashuka. Wenye nazo huiita hali hiyo bonde. Kisha turbo ya pili inaingia na gari linakusukuma mgongoni. Ukilizoea bonde hilo unapanga gia zako kwa ajili yake.

Siku moja napanda Kitonga kuelekea Iringa, malori yamejipanga, nimepata nafasi ya kuovateki. Gia ya pili, nakanyaga, inapanda, inafika bondeni. Haikutoka. Busti ilibaki chini, injini inaunguruma bila kwenda, na lori liko ubavuni mwangu. Nilirudi nyuma yake nikiwa na jasho la mikono. Iringa fundi alitafuta siku mbili nzima. Alichokipata ni mpira wa vakyumu, mwembamba kuliko penseli, uliopasuka shingoni pale unapoingia kwenye kile kisanduku cheusi cha solenoidi, vali zinazoendeshwa kwa umeme. Ufa wenyewe hukuuona mpaka uukunje. Kipande kipya kilikuwa bei ya chakula cha mchana. Siku mbili za kukitafuta ndizo zilizoniumiza, na fundi yule alikuwa mzuri. Wengine wangeshauri nibadilishe turbo.

Hiyo ndiyo hali ya mpangilio huu baada ya miaka zaidi ya 20. Turbo zenyewe zinaweza kuwa nzima, lakini msururu wa mipira, vali na solenoidi unaoziendesha umekauka kwa joto. Ukitaka kuijaribu Legacy kabla ya kuilipia, tafuta barabara tupu, weka gia ya tatu, kanyaga kutoka mizunguko 2,500 na usiachie. Sikiliza bonde. Ikitoka bondeni kwa nguvu, sawa. Ikibaki humo, turbo ya pili haiingii, na bei ishuke kwa kiasi cha kukufanya usijute.

Kuna watakaokwambia ung'oe zote mbili uweke moja kubwa ya kununua mtandaoni. Kwa gari la mashindano, fanya. Kwa gari la kwenda kazini, utahitaji pia kupangwa upya kompyuta ya gari, na bila mtu wa kuipanga vizuri utachoma pistoni.

Kanuni za kuagiza nazo zinaingia hapa. Kenya haipokei gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Legacy hizi na Chaser zote unazoziona Nairobi zilishaingia zamani na zimepita mikono mingi. Tanzania mlango uko wazi, ila umri wa gari unaongeza kodi. Fanya hesabu ya kodi kabla ya kupenda picha.

Ukilikuta gari lenyewe

Fika asubuhi, umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, ameshalipasha ili kuficha kitu. Liwashe mwenyewe huku mtu akitazama eksozi. Moshi wa bluu unaotoka na kuisha unaweza kuwa sili za vali. Moshi wa bluu unaorudi ukiliacha likiunguruma bila kukanyaga dakika kadhaa kisha ukakanyaga, hiyo ni turbo inayovujisha oili, na kwenye gari la turbo mbili huwezi kujua ni ipi mpaka ufungue.

Kisha lizime, lipoe, na mwombe fundi wako avue mpira unaoingia kwenye turbo. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Itikise kulia na kushoto: kuchezacheza kidogo ni kawaida, kwa kuwa shafti inakaa kwenye oili na oili haipo. Isukume ndani na kuivuta nje: hapo isicheze kabisa. Izungushe. Feni isikwaruze ukuta wake. Kwenye turbo mbili fanya hivyo mara mbili, na kama ya pili haifikiki, hesabu kwamba ni mbovu unapopatana bei.

Bei ya matengenezo iulize kabla, si baada. Nenda kwa wauza vipuri, Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, na namba ya injini mkononi, uulize katriji ya gari hilo, si turbo ya gari hilo. Katriji ni kiini chake, feni na shafti, na mara nyingi ndiyo pekee inayohitaji kubadilishwa. Kwa turbo mbili zidisha kwa mbili, na usibadilishe moja ukaiacha nyingine yenye umri uleule. Turbo za mtumba kutoka Japani au Sharjah zinauzwa kwa maneno matamu. Zipime shafti vilevile, pale dukani, kabla hujatoa hela.

Ukishalileta nyumbani, kabla ya safari yoyote, badilisha oili na chujio, weka sintetiki ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na uendelee kila kilomita 5,000. Weka petroli ya oktani ya juu kuliko zote unayoweza kupata, kwa sababu turbo nyingi za petroli za Japani zilipangwa kwa mafuta hayo. Baada ya kupanda mlima mrefu, acha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Na kama ni Subaru ya turbo ya miaka ya 2000, mwambie fundi afungue bolti ya paipu ya oili inayokwenda kwenye turbo, nyuma ya hedi. Ndani ya baadhi yao kuna kichujio kidogo cha wavu, hakizidi ncha ya kidole cha mwisho. Wamiliki wengi hawajui kama kipo. Kikiziba, turbo inakauka huku taa ya oili ikiwa haijawaka. Kitoe, kishike mbele ya jua, na uangalie kama mwanga unapita.